Fishi za Watu Walionyamaza

Nsimire wangu,

Umeenda kwa Maman Espérance kusuka nywele, na yule mama akianza kusuka na kusimulia hawezi kumaliza mbele ya jua kushuka, kwa hiyo niko na nafasi. Nimeketi ku meza, pale tulikunywa chai asubuhi. Nimechukua kalamu yako nyeusi ya bic, yangu imekauka. Utaona mwandiko umelala upande. Nilifika primaire ya ine tu, darasa la nne, unajua, na mukono wangu umezoea kuandika majina, maneno marefu unaona ni kazi ngumu.

Mambo ya safari yako ya kesho, ya koti, ya dawa ya malaria, ya kutolala usingizi mu bato na sakoshi iko chini ya miguu, yote nimekwisha kukuambia mpaka ukaanza kuyasema mbele yangu kwa sauti yangu. Sitayaandika tena. Ninaandika juu ya neno moja. Juzi uliniambia, "Maman, tuende wote. Goma niko na chumba, niko na kazi, wewe unabakia hapa unafanya nini?" Nikakujibu kwa hasira, "Na nani atafungulia papa yako mulango?" Ukatoka kwenda kufua. Lile halikuwa jibu. Jibu lenyewe ni refu na ndani yake muko aibu, na sikuweza kulitoa huku unaniangalia usoni.

Kule Goma wamekupa kazi ya kutunza majina ya wateja mu ordinateur, wale wanaonunua hizi simu mpya za mukononi: nani ni nani, anaitwaje, anakaa wapi. Uliposimulia ulicheka ukasema ni kunakili tu, hata mutoto angeweza. Mimi sikucheka. Kazi hiyo nimeifanya na carton ya sabuni tangu vita ilifunga barabara ya Shabunda.

Unakumbuka papa yako alivyopanda ndege ndogo kule Kavumu na mizigo ya nguo, aende kuuzia watu wa dhahabu. Alisema ni safari fupi. Vita ikaanguka katikati yetu na yeye. Ulikuwa ungali na uniforme ya shule, ulijua tu kwamba maman anashinda ku foni ya Papa Zihindula, pale Nyawera, mbele ya ile redio ya kuongea na watu wa mbali, maana watu wa ndani, wa kule Shabunda na migodi, hawakuwa na njia ingine ya kusikia sauti ya mutu wa Bukavu. Nilikuwa nakuja mapema, naketi ku benchi, nangoja wamuite. Siku moja Papa Zihindula akaniambia, "Mama Nsimire, kwa kuwa hauondoki, ufanye kazi basi." Ndivyo nilipata kazi. Sikuwa nimeomba.

Papa yako alisikika mara moja. Ulikuwa shuleni, na nilikusimulia nusu tu. Sauti yake ilikuwa inakuja na kupotea kama mutu anasemea ndani ya pipa. Alisema Shabunda kumeharibika, anaingia mbele zaidi, ku migodi ya ndani, mpaka moto upoe. Halafu akasema, "Musihame. Mubakie mu nyumba ileile. Nitaita hapo hapo. À vous." Ile "à vous" ikanipa zamu, nikasema hatutahama. Papa Zihindula akanishika bega, akanionyesha kidude cha kufinya, maana nilikuwa nimejibu bila kukifinya. Nikarudia. Sijui kama alisikia ile ya pili.

Hiyo ndiyo sauti ya mwisho. Uniangalie vizuri sasa, mwana wani, mutoto wangu, hapa ndipo ninakaa tangu siku ile, ndani ya neno "musihame".

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila muteja na fishi yake mu carton ile, kikaratasi kigumu: jina, anakaa wapi, anaongea na nani, yule mutu iko wapi. Mutu wa Shabunda akisema mu redio, "Muniitie bibi yangu kesho asubuhi," mimi natafuta fishi, navaa kikwembe vizuri, natembea mpaka Kadutu, mpaka Panzi, napiga hodi. Fishi ikidanganya, natembea bure. Lakini kutembea kwangu si kitu. Yule wa kule amepita mu pori, amepita barrière za watu na bunduki, amefika ku redio, na hapa Bukavu anaongea na upepo.

Na fishi zinadanganya, Nsimire. Hakuna mutu anayezidanganyisha. Ni watu wanahama. Mutu wa kijiji cha Miti anakimbia usiku, anakuja kwa shemeji Kadutu, shemeji anachoka naye, anaenda kupanga Panzi, na fishi yangu ingali inasema Miti. Nikajizoeza kuuliza kila anayeingia, hata mbele ya kumuuliza habari ya watoto: "Ungali pale pale?" Papa Zihindula alikuwa ananichokoza. "Mama huyu anaandika watu kama ukoo wa Yesu. Bado kidogo atauliza nani alizaa nani." Nilimwacha acheke. Kulikuwa muzee mumoja aliyejiandikisha na jina la Kiafrika la wakati wa Mobutu, halafu akarudi akajiandikisha na jina lake la batizo. Mimi sikujua. Siku moja nikaenda kuita watu wawili mu nyumba moja. Akatoka yeye, nikamupa habari, nikabakia nimesimama. "Na huyu mwingine?" Akasoma fishi ya pili. "Mama, huyu pia ni mimi. Ukipata wa tatu, umulete, tutagawana kazi."

Nilicheka njia yote. Usiku ule nilikusimulia, ukacheka pia. Ilikuwa wakati tulikuwa tunacheka juu ya carton ile.

Halafu wakaja wawili, watu wa usalama wa wale walioshika Bukavu. Aliyesema alikuwa kijana mupole, na viatu safi kupita vyote nimeona mu matope ya Bukavu.

"Mama, mu carton muko nini?"

"Majina ya watu wanaokuja kuongea, papa."

"Wanaongea na nani?"

"Na bibi zao. Na waume wao."

"Kule Shabunda."

"Shabunda, Mwenga, popote kuko redio."

"Kule kwa adui."

Akatoa fishi moja, akaisoma polepole, akaigeuza nyuma, akairudisha mahali pake sawasawa. "Unaandika vizuri," akasema. "Tutarudi tusome yote."

Walipotoka, Papa Zihindula alijaribu kuwasha sigara na kiberiti kikamukatalia. Akaniambia, "Mama Nsimire, wale wote hawajasikika tangu mvua ilianza, toa. Choma. Tubakie na wanaokuja kila siku. Carton ikiwa ndogo na shida inakuwa ndogo."

"Papa, mutu kunyamaza haimaanishi amekufa."

"Mimi sikusema wamekufa. Nimesema choma."

Nikapeleka mbabula, lile jiko la makala, nyuma ya nyumba. Mwanzoni nilikuwa nasoma kila fishi mbele ya kuitupa, kama kusema kwaheri. Nikafika ku fishi ya Mama Riziki, mama wa Miti, mume wake alikuwa huko karibu na njia ya papa yako. Alikuwa amehama sana: Miti imekatwa na mustari, parcelle ya kwanza ya Kadutu imekatwa, pembeni hakukubakia nafasi ya kuandika. Nikasema moyoni, huyu hata bila karatasi nitamukumbuka, uso wake naujua. Nikamutupa.

Na iliyofuata ilikuwa ya papa yako.

Yeye alikuwa amenyamaza kuwapita wengi wa wale nimechoma. Kwa amri ya Papa Zihindula alipaswa kuwa wa kwanza. Nikaangalia mulango, hakuna mutu, nikaingiza fishi yake mu kikwembe, ku kiuno, nikaendelea kuchoma za wenzangu. Kutoka hapo sikusoma tena. Nilitupa tu.

Sikukuambia hiyo hata siku moja. Uliniona nimerudi na harufu ya moshi, ukauliza kama tumepika maharagi ku kazi, nikasema ndiyo.

Wale vijana wa usalama hawakurudi kusoma. Labda walisahau siku ileile, walipofika ku kona. Hiyo peke yake inaniuma.

Mvua ingine ilikuwa imeanza wakati tulisikia sauti ya mwanaume kutoka ndani. "Bukavu, Bukavu, munanipata? Muniitie bibi yangu, Mama Riziki. Nimetoka mbali. Nitakuwa hapa kesho asubuhi tu, halafu tunahama. À vous." Papa Zihindula akaniangalia. Nikafanya na kichwa ndiyo. Akamujibu, "Tumekupata, papa. Kesho tutakuwa naye. À vous."

Nikatoka mbio. Uso wa mama yule nilikuwa nao kabisa, kama nilivyojiahidi, hata kovu juu ya jicho. Lakini uso hauulizwi njiani. Nilipanda Kadutu nikiuliza Mama Riziki, Mama Riziki wa Miti. Ku robinet ya maji, ku soko, mu parcelle moja moja, mulango kwa mulango. "Mama Riziki? Hapa hakuna." Parcelle moja wanawake walikuwa wanachambua majani ya sombe. Mumoja akaniuliza, "Jina lake yeye ni nani?" Mu fishi ilikuwamo, juu kabisa, niliandika mimi mwenyewe, jina la baba yake na M' mbele, kama tunavyoitwa sisi wanawake Washi. Nililitafuta mu kichwa, halikuja. Wewe unajua sisi wanawake tulivyo. Ukizaa, jina lako linawekwa pembeni. Mimi hapa avenue nzima ukiuliza jina langu, utarudi na mikono mitupu. Nikamwambia yule mama, "Ni Mama Riziki tu." Akarudi ku sombe yake. "Basi hayuko hapa."

Kesho asubuhi mume akaja mu redio saa ileile alisema.

"Iko hapo? À vous."

"Bado tunamutafuta, papa. Amehama. À vous."

Redio ikakoroma. Halafu akasema, "Basi munipe habari tu. Wako wazima? Watoto wote wawili wako wazima? À vous."

Papa Zihindula akanigeukia. Alikuwa ananingoja mimi, maana mimi ndiye niliwajua wateja. Nsimire, kulikuwa jibu moja la kweli, nalo ni "hatujui". Maneno mafupi kabisa. Lakini nilimusikia yule mwanaume anavyopumua, nikamufikiria papa yako mahali pake, na nikafanya kitu sipaswi kufanya. Nikasema, "Wazima wote."

Papa Zihindula akarudia. Yule kule akacheka, kicheko cha mutu aliyeweka muzigo chini. "Muambieni Riziki nimemupatia viatu. Mungu awabariki. À vous." Papa Zihindula akamuita tena, tumuulize wanahamia wapi. Hakukuwa mutu tena.

Siku ya Mungu, wakati tunatoka ku misa, nikauona uso ule. Alikuwa amekonda, lakini kovu lilikuwa pale pale. Nikamushika mukono, nikamwambia mume wako amesikika, iko muzima. Akaketi chini, hapo hapo ku ngazi za kanisa, watu wanamuruka. Alipopata pumzi akaniuliza, "Ulimwambia nini juu ya Riziki?"

Hapo nikajua.

Riziki alikufa na surua, mwaka ule walihama kutoka parcelle ya kwanza. Mu parcelle mpya, palepale Kadutu, hakuna aliyemujua mutoto yule, wanamuita mama yake na jina la mudogo wake, Mama Ombeni. Na wale wachache wanaojua, wanakwepa kutaja jina la marehemu karibu naye. Ile parcelle ya sombe ilikuwa kwake. Alikuwa ndani ya nyumba, amelala na homa. Nilisimama mulangoni kwake nikiuliza jina ambalo hapo halikuwa la mutu.

Nikamwambia yote. Fishi, mbabula, na kwamba nilisema wazima wote. Nilifikiri atanipiga, na ningesimama anipige. Yeye akasema, "Basi kuko mutu mumoja kule ambaye kwake mutoto wangu angali muzima." Akapangusa kikwembe chake, akasimama. "Uandike ingine. Andika M'Bahizire. Andika na Mama Ombeni. Halafu nitakuja mwenyewe kila asubuhi, usihangaike kunitafuta."

Ni yule mama unamukuta ku benchi, anayekuchekaga kwamba unatembea kama papa yako. Ulidhani ni rafiki yangu tu. Anangoja kumwambia mume wake habari ambayo mimi niliharibu, na anataka aisikie mu kinywa chake yeye, isitoke mu redio ya mutu mwingine.

Kwa hiyo ukiketi mbele ya machine yako, utaona mahali patupu, mutu hakujaza, na mukono utakuwasha upajaze, maana mukubwa wako atapenda kuona kumejaa. Uache patupu. Afadhali aulizwe yeye mwenyewe. Muulize jina lake yeye, na jina wanalomuita kwake, na kila akirudi umuulize tena kama angali pale, hata kama nyuma kuko mustari mrefu na watu wanafyonza. Na wale wanyamavu, siku watakuambia uwafute ili machine ipumue, usiseme "nitamukumbuka". Hautamukumbuka. Tafuta kwanza mutu wa kumuuliza. Na ukifuta, futa kwa sheria moja kwa wote, hata akiwa wa kwako. Mimi hiyo ndiyo ilinishinda. Na kuko mambo mutu atakusimulia juu ya meza yako ambayo hayana kazi na simu: mume iko wapi, kaka iko upande gani. Sikia kwa huruma, lakini usiandike. Yule kijana wa viatu safi iko mu kila muji.

Nimeanza kukufundisha kazi, na nilisema nitakujibu.

Siendi Goma. Papa Zihindula macho yamekwisha, hasomi fishi zangu bila kuziweka puani, na nikitoka leo, kesho mutu wa ndani ataita na hakuna atakayejua M'Bahizire analala wapi. Hiyo ni kweli. Lakini ni ile kweli mutu anaweka mbele ya wageni. Ile ya nyuma ni kwamba naogopa. Nikihama na papa yako aite kesho yake, sitaweza kuishi na hiyo. Na nisipohama, nazeeka ku benchi. Nimegeuza neno hilo kila upande, sioni mahali pa kutokea. Barabara ya Uvira, ukifika Sange haujui kama utapita. Barabara ya Shabunda imekufa. Ziwa liko mbele yangu kila siku na bato zinaondoka, na si ziwa linanizuia. Kuko siku namupenda papa yako mpaka nashindwa kula, na kuko siku, ile "musihame" ikinirudia masikioni, namuchukia kabisa. Halafu naosha uso, naenda kufungua foni.

Wewe haukuahidi kitu. Ni mimi nilifinya kile kidude nikasema "hatutahama", na nilikuingiza ndani bila kukuuliza. Ulikuwa mutoto. Nimeona umekataa kazi ya Uvira, nimeona yule kijana wa Kavumu aliyetaka kukuoa amechoka kungoja, na kila mara ulisema ni juu ya vita. Haikuwa juu ya vita.

Juzi, ulipoenda kufua, nilitoa fishi ya papa yako. Kwa mustari wa wanaomungoja niliandika zamani: bibi yake na binti yake, nyumba ileile. Nimekata "binti yake" na mustari mumoja, ili neno lisomeke, na pembeni nimeandika: Nsimire, iko Goma, anafanya kazi, muzima. Sikukutoa kwa papa yako. Akiuliza siku moja, atapewa habari ya kweli, na ataipenda. Lakini kati ya wanaongoja haumo tena. Ukitaka kuolewa, uolewe. Ukitaka kuhama Goma, uende mbele zaidi, uhame, usiniombe ruhusa. Uniambie tu mahali, nikate, niandike.

Kesho sitafika ku port. Bato yako inaondoka wakati tunafungua foni, na asubuhi ndiyo saa ya watu wa ndani. Nitakukumbatia hapa mulangoni, halafu wewe utashuka ku ziwa na mimi nitapanda Nyawera. Usigeuke kuangalia kama nalia. Nitakuwa natembea haraka, nisichelewe.

Maman